Manga kwa feza kidogo: kusoma vingi bila kununua vyote

Tome moja ya manga kwa Kifaransa inauzwa huko Ufaransa karibu euro 7. Kwa mtu wa Paris, hiyo ni bei ya mkate wenye nyama na kinywaji cha saa sita. Kwa mwanafunzi wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi, ni feza ya kulisha nyumba siku nzima. Tena hiyo ni bei ya kule: mpaka kitabu kifike huku, kimelipiwa safari, na muuzaji naye anatafuta chake. Kisha kuna jambo lingine ambalo kila mpenzi wa manga analijua: tome moja haimalizi hadithi. One Piece ya Eiichiro Oda ilifikisha tome ya 100 huko Japani mwaka wa 2021, na bado inaendelea. Piga hesabu: tome 100 mara euro 7 ni euro 700. Kwa feza hiyo mzazi wa kwetu hafikirii vitabu vya picha. Anafikiria minervali na kodi ya nyumba.

Kwa hiyo wengi wamejiambia kama manga ni starehe ya watoto wa wakubwa, ao ya wale wenye shangazi kule Ubelgiji. Sivyo. Manga ilikua mikononi mwa watu wasio na kitu, katika inchi iliyokuwa imeteketezwa na vita, na karibu kila njia ambayo kijana wa Kongo anaweza kutumia leo ili asome bila kufilisika, Wajapani waliijaribu zamani. Walikodisha, walibadilishana, walisoma wakiwa wamesimama dukani, waliokota gazeti lililoachwa ndani ya treni. Kununua seri nzima na kuipanga ukutani ni tabia iliyokuja nyuma. Mtu anayetofautisha mambo haya mawili, kusoma na kumiliki, amekwisha kupunguza zaidi ya nusu ya gharama.

Ilianza na vitabu vya rangi nyekundu

Baada ya 1945 karatasi ilikuwa adimu Japani na njaa ilikuwa ya kweli. Katika mji wa Osaka, wachapaji wadogo walianza kutoa vitabu vya picha vya bei ya chini sana, karatasi mbaya, jalada lenye wino mwekundu. Watu waliviita akahon, ni kusema vitabu vyekundu. Havikuuzwa katika librairi za heshima. Viliuzwa kwa wauza peremende na vitu vya kuchezea watoto. Mwaka wa 1947 kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, Osamu Tezuka, alitoa humo kitabu chake Shin Takarajima, na kikauzwa kwa maelfu na maelfu. Huyo njo mtu ambaye leo wanamwita baba wa manga. Alianzia kwenye karatasi ya ovyo.

Lakini hata akahon ilikuwa na bei, na watoto wengi hawakuweza kununua. Hapo zikaingia duka za kukodisha, kashihon. Mtoto analipa karibu yen 10, anaenda na kitabu nyumbani, anakirudisha kisha siku moja ao mbili. Kitabu chenyewe kiliweza kupita yen 100, kwa hiyo muuzaji alihitaji wasomaji zaidi ya kumi tu kusudi kitabu kijilipe. Kuanzia hapo ni faida. Katika miaka ya 1950 duka za namna hiyo zilijaa kila mtaa, na watengenezaji walichapa vitabu vyenye jalada gumu hasa kwa ajili yake, juu kitabu kinachopita mikono mia moja kinapaswa kuwa na nguvu. Wachoraji kama Shigeru Mizuki na Yoshihiro Tatsumi walipata mkate wao humo. Wasomaji wao hawakuwa watoto tu: walikuwa pia vijana wa viwanda, waliotoka kijijini, wenye mshahara mdogo na mangaribi ndefu isiyokuwa na televisheni.

Kilichoua kashihon ni kitu cha bei ndogo zaidi. Tarehe 17 Machi 1959, siku moja, magazeti mawili ya kila juma yalizaliwa: Shonen Sunday kwa yen 30 na Shonen Magazine kwa yen 40. Mwaka wa 1968 likafuata Shonen Jump. Gazeti la namna hiyo linabeba hadithi karibu ishirini ndani ya kurasa mia nne na zaidi, kwenye karatasi ya rangi rangi iliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu. Hakuna anayelitunza. Mtu analisoma njiani anapoenda kazini, analiacha juu ya kiti cha treni, mwingine analichukua. Kulikuwa hata na maskini wa Tokyo waliokuwa wakiokota magazeti hayo kwenye stasyo na kuyauza tena siku hiyohiyo kwa bei ya chini. Mwisho wa 1994 Shonen Jump ilichapa nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Hata leo inauzwa karibu yen 300: ni chini ya yen moja kwa ukurasa.

Tome, ile tunayoifahamu sisi, ni hatua ya pili. Sura tisa ao kumi za gazeti zinakusanywa, zinachapwa tena kwenye karatasi nzuri, kurasa 190 hivi, kwa mtu ambaye amekwisha kusoma na kupenda. Huko Japani mtu ananunua tome ya hadithi anayoijua. Huku kwetu, pamoja na Ulaya, gazeti la kila juma halikufika. Ilifika tome peke yake. Njo maana manga inaonekana ghali: tumepokea sehemu ya bei kubwa bila ile ya bei ndogo.

Na hata tome, Mjapani asiye na feza hanunui mpya. Tangu 1990 kuna maduka ya Book Off, ambamo tome zilizotumiwa ziliuzwa kwa yen 100 kwenye rafu ya vitabu vya bei rahisi. Kuna vyumba vya kusomea ambako unalipa saa, si kitabu. Kuna tachiyomi pia, kusoma ukiwa umesimama dukani bila kununua. Wenye duka wengi walichoka wakaanza kufunga tome kwa plastiki. Mji wa Kyoto ulienda mbali zaidi: mwaka wa 2006 masomo ya msingi yaliyofungwa yaligeuzwa makumbusho ya manga, yenye ukuta wa vitabu karibu 50,000 ambavyo mgeni anachukua mwenyewe na kwenda kusoma kwenye majani ya uwanja.

Hapa Kongo jambo hili si geni. Katika miaka ya 1990 Kinshasa ilikuwa na Papa Mfumu'Eto, mchoraji aliyetoa bede zake kwa Lingala, kwenye karatasi ya chini, zilizouzwa sokoni na barabarani na kupita kutoka mkono hadi mkono mpaka zinachanika. Mbele yake, tangu 1968, gazeti Jeunes pour Jeunes lilifanya vijana wa Kinshasa wangojee picha za kila toleo. Mtu aliyesoma hizo hakuuliza namna ya kuwa na mkusanyo. Aliuliza: nani iko nayo leo?

Chagua hadithi yenye mwisho

Kosa la kwanza la bajeti linafanyika kabla hata franka moja haijatoka mfukoni: ni kuchagua hadithi ndefu juu ni maarufu. Mtu anaona anime kwa rafiki, anataka kitabu, anaanza na Naruto. Naruto ni tome 72. Bleach ni 74. Dragon Ball, ambayo wakubwa wanaiona fupi, ni 42. Ukinunua tome tatu za kwanza za hadithi hizo, uko na vipande vitatu vya kitu ambacho hutamaliza, na kila mwezi roho inakuuma.

Hadithi fupi ziko, na nyingine ni nzuri kuliko zile kubwa. Death Note ya Tsugumi Ohba na Takeshi Obata inamalizika kwa tome 12. A Silent Voice ya Yoshitoki Oima, juu ya mtoto kiziwi na yule aliyemtesa masomoni, ni 7. Pluto ya Naoki Urasawa ni 8. Akira ni 6, lakini ni minene na bei yake inapanda vilevile. Planetes ya Makoto Yukimura, juu ya wafanyakazi wanaosafisha takataka za angani, ni 4. Quartier lointain ya Jiro Taniguchi ni 2 tu, na ni kati ya manga ambazo maktaba za Kifaransa zinapenda kununua, kwa hiyo nafasi ya kuipata kwa kuazima ni kubwa. Look Back ya Tatsuki Fujimoto ni tome moja: wasichana wawili wanaochora, basi. Kwa bei ya tome moja umesoma hadithi nzima, mwanzo mpaka mwisho.

Moja inastahili kusimamiwa kidogo, juu inatugusa. Gen d'Hiroshima ya Keiji Nakazawa ni tome 10. Nakazawa alikuwa na miaka 6 wakati bomu la atomiki lilipoanguka juu ya mji wake, tarehe 6 Agosti 1945. Alianza kuichora hadithi hiyo mwaka wa 1973, tena ndani ya Shonen Jump, kati ya michezo na vichekesho. Sehemu kubwa ya uranium iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ya kutengeneza bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kilometa chache kutoka Likasi. Watoto wa Likasi na watoto wa Hiroshima wamefungwa na jiwe moja, na ni vitabu vichache vya historia masomoni vinavyowaambia hivyo. Mwalimu wa historia anayetafuta feza kidogo kwa ajili ya maktaba ya darasa angeweza kuanzia hapo. Lakini asome kwanza mwenyewe: picha za siku ile ni kali.

Kwa wazazi pia, neno moja. Manga si kitu cha watoto peke yake. Japani wanazipanga kwa umri: shonen kwa vijana wanaume, shojo kwa wasichana, seinen kwa wakubwa. Kitabu cha seinen kinaweza kuwa na damu na mambo ya chumbani. Jalada halisemi yote, fungua katikati.

Likelemba ya vitabu

Njia yenye nguvu kuliko zote haidai koneksyo wala ndugu wa Ulaya. Mama zetu wanaijua: kila mmoja anatoa kidogo, mmoja anapokea kikubwa. Kwa manga inaenda hivi. Watu kumi, kila mmoja dola moja kwa mwezi. Tome ya euro 7 ni dola 8 hivi. Dola 2 zinazobaki zinasaidia usafiri na plastiki ya kufunikia. Kila mwezi tome moja inaingia. Kisha mwaka mmoja kuna tome 12, ni kusema Death Note nzima, na kila mtu ametoa dola 12 kwa hadithi ambayo peke yake ingemgharimu karibu 100. Ikiwa muuzaji wa mji wenu anaongeza bei sana, iwe tome moja kwa miezi miwili. Hesabu haiharibiki, inachelewa tu.

Ugumu hauko kwa feza. Uko kwa mambo matatu ambayo kikundi kinapaswa kukubaliana kabla ya mchango wa kwanza, tena kwa maandishi, hata kwenye karatasi ya daftari.

La kwanza ni zamu. Tome mpya inapofika, kila mtu anataka kuwa wa kwanza, na wa kumi anakuta amekwisha kuambiwa nani alikufa. Zamu inapaswa kuzunguka: aliyekuwa wa kwanza mwezi huu anakuwa wa mwisho mwezi ujao. Siku tatu kwa mtu zinatosha, juu kurasa 190 za picha hazichukui saa mbili; watu kumi mara siku tatu ni mwezi mzima, na tome ifuatayo inakuta ya kwanza imerudi. Anayesimulia mwisho kabla ya wengine analipa faini. Vikundi vinavyocheka juu ya sheria hiyo mwanzoni ni vilevile vinavyogombana mwezi wa tatu.

La pili ni kupotea. Kitabu kimeloa, mtoto amekichora na bic, rafiki wa rafiki amekiazima akahamia Kisangani. Sheria iliyo rahisi ndiyo bora: kilipotea mikononi mwa nani, huyo analipa, na hakuna kuazimisha mtu wa inje bila kikundi kujua.

La tatu njo lenye kuvunja urafiki: mwisho wa seri, vitabu ni vya nani? Watu kumi na tome 10, wengine wanaona ni rahisi, kila mmoja aende na moja. Ni vibaya. Seri iliyogawanywa imekufa. Tome ya 6 peke yake nyumbani kwa mtu haina faida kwa yeyote. Ni afazali kupiga kura na mmoja achukue zote, kisha hatakuwa ndani ya kura ya seri inayofuata. Ao ziuzwe zote pamoja kwa kikundi kingine, na feza iwe mwanzo wa seri mpya. Ao zibaki pamoja masomoni ao parokiani, na kikundi kianze kukodisha kwa franka kidogo, sawa kashihon ya zamani. Kikundi chenye seri tatu kamili kimekwisha kuwa maktaba, kikitaka kisitake.

Telefone, mega, na skani

Wengi wa vijana wetu hawasomi kwenye karatasi kabisa. Wanasoma kwenye telefone, mara nyingi telefone ya mama, saa ile yeye amelala. Hapo gharama si kitabu, ni mega.

Kwanza jambo la kufurahisha: kusoma kunakula kidogo sana kuliko kuangalia. Ukurasa mmoja wa manga, picha nyeusi na nyeupe, mara nyingi hauzidi kilobaiti 300 ao 400. Sura ya juma moja ni kurasa 19 hivi. Kwa hiyo sura nzima ni mega 6 ao 7. Anime ya dakika 24, hata kwa picha ya katikati, inaweza kumeza mega 100 na zaidi. Mtu anayefuata hadithi tatu, sura moja kila juma, anatumia mega 80 hivi kwa mwezi mzima. Anayelia kama manga inamaliza forfe, mara nyingi ni video zinazomaliza.

Pili, kuna njia ya halali na ya bure. Mwezi wa Januari 2019, Shueisha, nyumba ileile inayochapa Shonen Jump, ilifungua aplikasyo inayoitwa MANGA Plus. Inafanya kazi karibu dunia nzima, isipokuwa Japani yenyewe, China na Korea ya Kusini, ambako kuna mipango mingine. Kwa seri zinazoendelea, inatoa bure sura za mwanzo na za karibuni, siku ileile zinapotoka Japani. Nyingi ni kwa Kiingereza, lakini Kifaransa kiko pia kwa seri kadhaa. Unachagua luga ndani ya parametre.  Kwa hadithi mpya njia hii ni kamilifu: ukianza juma la kwanza na ukifuata kila juma, unasoma yote bila kulipa hata franka. Dawa ni kufuata hadithi changa kuliko kukimbilia nyuma ya zile za zamani. Na kuna raha yake: wewe wa Uvira na yule wa Tokyo mnangojea siku moja, na hakuna anayejua mwisho.

Kisha kuna skani. Hakuna haja ya kujifanya: wasomaji wengi wa Kongo wamejulia manga kwenye site za skani, ambako watu wanapiga picha kurasa, wanatafsiri, wanaweka bure bila ruhusa. Kwa mtu asiye na librairi katika eneo zima la karibu, ni vigumu kumwambia amekosa. Lakini hesabu yake haiko bure vile inavyoonekana. Site hizo zinaishi kwa matangazo: kila ukurasa unaleta madirisha ya michezo ya kamari, picha chafu, mafaili yanayotaka kuingia kwenye telefone, na yote hayo yanakula mega zako. Tena zinafungwa bila kuaga. Mangamura, iliyokuwa kubwa kuliko zote Japani, ilizimika mwezi wa Aprili 2018, na aliyeiendesha alihukumiwa miaka 3 ya kifungo mwaka wa 2021. Mchoraji naye hapati kitu. Kwa kawaida yeye anapata karibu asilimia 10 ya bei ya tome, na kwa asilimia hiyo analipa pia vijana wanaomsaidia kuchora majumba na mavazi.

Kama uko na dola chache za mwaka mzima, ziweke kwenye tome moja ya mchoraji unayempenda zaidi. Zilizobaki, soma kwa njia za bure zilizo halali na kwa vitabu vya wenzako.

Jambo moja la ufundi, juu linaokoa feza: zima video zinazojicheza zenyewe ndani ya telefone, na uzuie aplikasyo zingine zisijisasishe kwa mega. Kama mtandao wako uko na forfe ya usiku, weka usomaji wako huko. Ukipata wifi ya masomo ao ya mahali pa kazi, pakua hapo aplikasyo yenyewe, ambayo ni nzito kuliko sura kumi.

Okazyo, maktaba, na valizi ya ndugu

Tome za Kifaransa zilizotumiwa zinafika Kongo kwa njia isiyo na mpango: ndani ya makarto ya vitabu vya msaada, katika vitu vya watu wanaorudi, kwa wauzaji wanaotandika vitabu chini pembeni ya barabara. Muuzaji wa namna hiyo mara nyingi hajui manga. Kwake ni kitabu cha watoto chenye kuanzia nyuma. Hapo bei iko upande wako, usionyeshe macho. Lakini angalia mambo mawili: namba ya tome kwenye mgongo, juu tome ya 14 bila 13 haikusaidii kama si sehemu ya kikundi, na kurasa za mwisho, ambazo kwa manga ni upande wetu wa mwanzo na zinachanika kwanza. Mwachie muuzaji orodha ya namba unazotafuta. Wauzaji wanapenda mnunuzi anayerudi.

Vituo vya Institut français, kama Halle de l'Étoile ya Lubumbashi, vimejulikana kwa maktaba yenye bede. Kabla ya kulipa abonema, ingia uangalie rafu na uulize kama wanaazimisha ao ni kusoma palepale. Maktaba za parokia na za masomo pia zinastahili kuulizwa, na kuombwa: msimamizi ananunua kile ambacho watu wanadai, na mara nyingi hakuna kijana aliyewahi kudai chochote.

Kwa anayeishi na ndugu Ulaya, omba vizuri. Tome moja ina uzito wa gramu 200 hivi, kwa hiyo tano ni kilo moja ya valizi, na kilo ya valizi ni mali. Usimwambie yaya «niletee manga». Mwambie jina, mchoraji, na namba, tena mwambie atafute za okazyo, ambazo kule zinapatikana kwa euro mbili ao tatu. Ufaransa ni kati ya inchi zinazosoma manga sana kupita zote inje ya Japani: serikali ilipowapa vijana wa miaka 18 euro 300 za utamaduni kuanzia 2021, walinunua manga kwa wingi hata magazeti yakaibatiza «pass manga». Inchi inayonunua hivyo inauza pia vilivyotumiwa, na vijana wakihama nyumba wanatupa seri nzima.

Kitabu kikisha kufika, kitunze. Mvua ya Bukavu na mchwa wa Katanga havina huruma na karatasi ya tome, ambayo gundi yake ni nyepesi. Plastiki ileile ya kufunikia madaftari mwanzoni mwa mwaka wa masomo inatosha. Kitabu kisilazwe chini kwenye sakafu ya saruji, na kisifunguliwe kwa nguvu mpaka mgongo ulie. Tome iliyotunzwa inauzwa tena karibu kwa bei iliyonunuliwa, juu huku hazizeeki: anayeitafuta hana mahali pengine.

Na kuna njia ya kusoma ambayo haina bei kabisa, ambayo inaonekana kila siku katika viwanja vya Kadutu, Katindo ao Kenya kule Lubumbashi: mmoja anayejua Kifaransa anashika kitabu, watano ao sita wamemzunguka, anaonyesha picha kwa kidole kutoka kuume kwenda kushoto, anatafsiri kwa Kiswahili kila anachosema shujaa, na kugeuza sauti kwa adui. Wadogo wanajifunza Kifaransa bila kujua. Tome moja, wasomaji saba. Kinachohitajika ni mtu mwenye koo nzuri, na mwangaza kabla jua haijazama.